Hesabu ya Rafu ya Juu

Kila Jumamosi, chai ikishanywewa na vyombo vikishaoshwa, Chiriku alikwenda dukani kwa shangazi yake kufuta vumbi. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu alianza kuongea tangu anafumbua macho asubuhi na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue. Alikuwa darasa la sita, na alijiona anazijua dawa kuliko wauguzi. Ukimwuliza vidonge vya homa viko wapi, alikuonyesha kwa kidole bila hata kugeuka.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, na kaunta ya kioo mbele na rafu za mbao ukutani kuanzia sakafuni hadi karibu na dari. Shangazi aliliendesha kwa macho na mikono. Kila Alhamisi, kabla gari la dawa za jumla halijapita, alitembea mbele ya rafu, akalitikisa boksi hili, akalisukuma lile, kisha akaagiza kilichopungua. Alikuwa pia na desturi moja aliyoirithi kwa mwenye duka wa kwanza. Boksi likiisha dawa halikutupwa. Lilipandishwa rafu ya juu kabisa, likapangwa pamoja na maboksi ya dawa zisizotoka haraka, uso wake ukiangalia wateja.

“Mteja akiona rafu tupu anadhani duka limekufa,” alisema shangazi. “Na mgonjwa hapendi kununua dawa kwa maiti.”

Chiriku aliishi kwa shangazi huyo pamoja na dada yake mkubwa. Dada alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea shahada ya biashara upande wa mifumo ya taarifa. Mtaa mzima ulijivunia jambo hilo, ingawa hakuna aliyejua hasa anajivunia nini. Siku moja msusi wa mtaa wa pili alikuja kununua dawa ya kikohozi, akamkuta dada kaunta na kompyuta yake. Msusi huyo alikuwa mama yake Kadogo, aliyekaa dawati moja na Chiriku shuleni.

“Hongera na kompyuta, mwanangu,” alisema msusi. “Redio yangu imeacha kuongea. Nikuletee lini?”

“Sitengenezi redio, mama. Mimi nasomea biashara.”

“Kumbe unasomea duka.”

“Duka nalo limo,” dada alicheka. “Nasomea namna habari inavyotembea kazini. Dawa ikiisha, shangazi anajua saa ngapi? Akishajua, nani mwingine anatakiwa kujua? Na habari ikikosewa, anaumia nani? Kompyuta kazi yake ni kuibeba tu.”

“Habari inayotembea,” alisema msusi huku akichukua chupa yake. “Kule saluni kwangu haitembei, inakimbia. Njoo usomee kule.”

Ili amalize shahada, dada alitakiwa kuchagua mahali pa kazi pa kweli, ajifunze kazi inavyofanyika pale, kisha aunde mfumo utakaotumika muhula mzima. Mwishoni msimamizi wake kutoka chuoni angekuja kuuona kwa macho yake mwenyewe. Mfumo usipofanya kazi, mwaka unarudiwa. Dada alichagua duka la shangazi. Dawa zote zingeingizwa kwenye simu, kila inayouzwa ingepunguzwa palepale, na shangazi angeagiza kwa kuangalia simu. Dawa iliyopo ingeonekana na alama ya kijani, inayokaribia kuisha ingekuwa nyekundu.

Shangazi alikubali shingo upande. “Duka hili halijawahi kunidanganya,” alisema. “Hiyo simu yako bado siijui tabia.”

Jumapili moja walifunga duka wahesabu kila kitu. Shangazi na dada walichukua makabati na droo, kwa kuwa ndimo zilimokuwa dawa nyingi. Chiriku alipewa rafu za ukutani, na kifua kikamvimba kwa fahari.

“Shusha, fungua, hesabu, rudisha,” dada alimwambia. “Usihesabu kwa macho hata mara moja. Unamjua shangazi na maboksi yake.”

Chiriku alianza vizuri. Rafu za chini alizifanya kama alivyoagizwa, boksi moja baada ya jingine, akitaja hesabu kwa sauti kubwa mpaka shangazi akamwomba apunguze. Lakini kadiri alivyopanda, ndivyo kazi ilivyozidi kuwa nzito. Joto lilimbana, ngazi ililia kila alipohama, na mikono ilimuuma kwa kuinua na kurudisha. Nje ya dirisha wenzake walikuwa wanaruka kamba, na Kadogo, ambaye hakuruhusiwa kuruka sana kwa sababu ya pumu, alikuwa anaizungusha kamba na kumwita.

“Chiriku, tunakusubiri wewe!”

Alipofika rafu ya juu, alisimama kwenye ngazi akayaangalia maboksi. Yalikuwa yamepangwa vizuri, safi, kila moja limeandikwa lina dawa ngapi ndani. Mbona yanaonekana yamejaa tu, alijiambia. Akasoma, akazidisha, akaandika, akashuka. Hakugusa hata moja.

“Umefungua yote?” dada aliuliza.

“Yote.”

Neno lenyewe lilikuwa moja, na lilitoka kirahisi. Dada aliingiza hesabu kwenye mfumo, na kabla hajamaliza, Chiriku alikuwa nje anaruka kamba.

Wiki zilipita na mfumo ukafanya kazi. Shangazi aliuza, akabonyeza simu, hesabu ikapungua. Mwanzoni aliendelea kutikisa maboksi ya rafu za chini, yaliyotoka kila siku, ili kuikagua simu, akaona haikosei. Taratibu mkono wake uliacha kutikisa. Alhamisi alikaa kwenye stuli yake, miguu imenyooshwa, akiagiza kwa kuangalia rangi. Hata alianza kuwasifia wateja mfumo kana kwamba aliuzaa mwenyewe. Chiriku naye hakubaki nyuma. Shuleni kila mtu alijua kwamba dawa zote za duka lile alizihesabu yeye.

Rafu ya juu aliisahau. Ndivyo uongo mdogo ulivyo. Aliyeusema huwa wa kwanza kuusahau.

Jumanne moja upepo ulivuma tangu asubuhi, na uwanja wa shule ukajaa vumbi. Kipindi cha mwisho Kadogo alianza kukohoa. Alitoa dawa yake ya kuvuta, kile kikopo kidogo anachobana kwa kidole huku akivuta kwa mdomo, akakitikisa na kukivuta. Kilitoa hewa hafifu tu.

“Kimeisha,” alisema Kadogo. “Asubuhi mama aliona kinaelekea kuisha. Alimpigia shangazi yako.”

“Akamwambia nini?”

“Kwamba ipo, aje wakati wowote.”

“Basi usijali. Ipo,” alisema Chiriku. “Niliihesabu mwenyewe.”

Alimsindikiza Kadogo hadi mlangoni pa saluni, wakatembea polepole, akamwacha kwa mama yake ili waje pamoja kuinunua, kisha yeye akaenda dukani. Alikuwa akiamini kabisa alichosema. Jua lilikuwa limeanza kupungua makali aliposikia pikipiki inafunga breki nje. Msusi aliingia mbio, kanga imemwanguka begani, amemshika Kadogo kiunoni. Mabega ya Kadogo yalikuwa yanapanda na kushuka, shingo imekaza, na kila pumzi ilitoka na mlio mwembamba. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

“Dawa,” alisema msusi. “Shangazi, ile dawa ya kuvuta.”

“Ipo, ipo. Mkalishe.” Shangazi aliitazama simu, alama ilikuwa ya kijani. Akapanda ngazi kwa kasi ambayo Chiriku hajawahi kumwona nayo. Alivuta boksi la kwanza, na mkono wake ukarushwa juu, kwa maana alitegemea uzito na uzito haukuwepo. Alilifungua. Tupu. Akavuta la pili, nalo tupu. Aliyavuta yote yakaanguka sakafuni moja moja, yakidunda.

Chiriku aliyatazama yanavyodunda. Alijua palepale, kabla mtu yeyote hajauliza swali.

Shangazi hakupoteza muda. Alishuka, akamwambia mwenye pikipiki awashe, akampandisha msusi na mwanawe katikati. “Zahanati, moja kwa moja,” alisema. “Nawapigia simu sasa hivi wawapokee mlangoni.” Pikipiki iliondoka. Kadogo hakugeuka kumtazama rafiki yake, nguvu zote alikuwa amezimalizia kwenye kuvuta hewa.

Waliwahi, lakini kwa tundu la sindano. Wauguzi walimvisha Kadogo barakoa ya plastiki inayotoa mvuke wa dawa, na ilichukua muda mrefu kabla mlio ule wa kifuani haujapungua. Walimlaza hadi kesho yake.

Jioni hiyo nyumbani hakuna aliyegusa chakula. Shangazi aliiweka simu mezani mbele ya dada.

“Mfumo wako uliniambia ipo,” alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Nami nikamwambia mama wa mtoto ipo. Miaka yote nimeuza dawa, sijawahi kumwambia mtu ipo wakati haipo.”

Dada alikuwa ameinamisha kichwa. “Yawezekana ziliuzwa na mfumo haukupunguza. Labda unapunguza baadhi na kuacha nyingine. Nitalitafuta kosa.” Kisha akamgeukia mdogo wake. “Chiriku, siku ile ya hesabu, maboksi yale yalikuwa na dawa?”

Hapo mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kupita tu. Lakini Chiriku aliutazama uso wa shangazi, akayakumbuka mabega ya Kadogo, akaogopa.

“Yalikuwa nazo,” alisema.

“Uliyafungua?”

“Niliyafungua.”

“Basi kosa ni langu,” alisema dada.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Dada akitoka chuoni alikaa mbele ya kompyuta, akipitia kazi yake mstari kwa mstari. Alifuta hapa, akaandika upya pale, akajaribu, akafuta tena. Macho yalimwingia ndani. Akiitwa kula alisema anakuja, lakini hakuja. Shangazi alirudia kutikisa maboksi yake, simu akaitia kwenye droo na kuifunga. Wateja wakiuliza kama dawa fulani ipo, alisema “ngoja nikaone”, hata kama ilikuwa mbele ya macho yake.

Chiriku naye aliacha kuongea. Alikwenda shule, akarudi, akafuta vumbi, akalala. Shangazi alimtazama akaona huyu mtoto anaumwa, maana chiriku asiyelia lazima ana jambo. Akampa dawa ya minyoo. Chiriku aliimeza bila kubisha. Laiti ingekuwa minyoo, ingekuwa nafuu.

Ijumaa alimsikia dada sebuleni, akizungumza na shangazi kwa sauti ya chini.

“Msimamizi anakuja Jumatatu,” alisema dada. “Sijaliona kosa, shangazi. Nimelitafuta mpaka nimeanza kuogopa kazi yangu mwenyewe. Nitamwambia ukweli, kwamba mfumo wangu hauaminiki, nirudie mwaka. Mtu asiyejua kosa lake liko wapi hafai kupewa duka la mtu, sembuse duka la dawa.”

“Rudia basi,” alisema shangazi. Aliposema hivyo sauti ilimkatika, kwa kuwa alimpenda sana binti huyo.

Kesho yake Chiriku alikwenda kumwona Kadogo. Kadogo alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, amekaa kitandani na mto mgongoni, dawa mpya ya kuvuta iko pembeni yake. Alikuwa amepungua, lakini alitabasamu.

“Nilidhani umenihama,” alisema Kadogo. “Siku hizi darasani nani anamsumbua mwalimu?”

“Hakuna,” alijibu Chiriku.

“Unajua kitu? Siku ile saluni kifua kilianza kubana mapema. Mama aliniuliza, twende sasa hivi au ngoja kidogo? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ipo, Chiriku aliihesabu mwenyewe. Nikakaa nasubiri.” Kadogo alikohoa kidogo. “Mama analia usiku, anadhani nimelala. Sijui analia nini, mimi nimeshapona.”

Chiriku aliinuka. Aliaga vibaya, hata viatu alivaa huku anatembea. Njia nzima maneno yale yalikuwa yanamgonga kichwani. Rafiki yake aliketi na kusubiri kwa sababu yake. Alijiona mchafu, na aliona aibu kuliko alivyowahi kuona aibu maishani mwake. Alimkuta dada amekaa mbele ya kompyuta, na safari hii alizungumza kabla hajakaa.

“Dada, mfumo hauna kosa. Mimi sikufungua maboksi ya juu. Nilisoma juu juu nikazidisha. Uliponiuliza siku ile nilikudanganya, na uliponiuliza tena nikakudanganya tena.”

Dada aliacha kuandika. Alimtazama kwa muda mrefu, na Chiriku akaona machozi yanajaa machoni mwake, siyo ya huruma bali ya hasira.

“Hata moja hukufungua?”

“Hata moja.”

“Unajua nimefanya nini wiki hii?” dada aliuliza. “Nimevunja sehemu zilizokuwa nzima. Nilikuwa natafuta kosa ambalo halimo, nikawa nabomoa kilichokuwa sawa ili nilipate. Kwa sababu nilikuamini wewe nikaacha kujiamini mimi.” Alifunga kompyuta. “Usiniombe msamaha sasa hivi. Sina wa kukupa. Twende kwa shangazi.”

Shangazi alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Chiriku alitegemea kofi, au angalau kelele. Shangazi alivuta stuli, akakaa, akayatazama maboksi ya juu kana kwamba anayaona leo.

“Ulifanya vibaya, Chiriku,” alisema hatimaye. “Vibaya sana. Ulipewa kazi ya kushika uhai wa watu ukaishika kwa ncha za vidole. Ungesema kweli jioni ile, tungekuwa tumeliponya jambo hili siku ileile. Mficha maradhi, kilio humfichua.” Akaionyesha rafu ya juu kwa kidole. “Lakini na mimi nina langu. Duka la dawa linalojifanya limejaa ni duka linalosema uongo, hata kama linausema kwa maboksi. Lete ngazi.”

Aliyashusha mwenyewe maboksi yote matupu, na Chiriku akayakunja kwa goti moja moja. Rafu ya juu ilibaki na mapengo ya aibu, ukuta unaonekana. Kisha wakahesabu upya duka zima. Safari hii dada aliweka utaratibu mwingine: kila rafu ilihesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, asione hesabu ya mwenzake. Hesabu zikitofautiana, wote wawili wanarudi. Chiriku alifungua kila boksi. Mikono ilimuuma vilevile, hakusema neno.

Jumatatu msimamizi alifika, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu na viatu vilivyotembea sana. Shangazi alimkaribisha kwenye stuli. Dada hakuanza na kompyuta. Alianza na Jumanne ile ya upepo, akaeleza kila kitu, pamoja na sehemu nzima alizozibomoa na ambazo bado hajamaliza kuzirudisha.

“Na nani alihesabu?” aliuliza msimamizi.

Dada hakumtazama mdogo wake wala hakumtaja.

“Ni mimi,” alisema Chiriku. “Sikufungua maboksi. Nikasema nimefungua.”

Msimamizi alimtazama, kisha akamrudia mwanafunzi wake. “Mfumo wako unaanzia wapi?”

“Nilidhani unaanzia kwenye simu,” alisema dada. “Sasa naona unaanzia pale mtu anapotia mkono kwenye boksi. Nilijenga nyumba nzima juu ya hesabu ya mtu mmoja, mtoto, aliyechoka, na sikwenda hata kuangalia boksi moja. Hilo lilikuwa kosa langu, siyo lake.”

“Ndiyo maana shahada yetu iko kitivo cha biashara,” alisema msimamizi. “Mashine haidanganyi wala haisemi kweli. Inarudia ilichoambiwa. Waaminifu au waongo ni watu, na kazi yetu inaanza kwao.” Alifunga mkoba wake. “Sikupi alama leo. Rudisha ulichobomoa, uendeshe mfumo kwa hesabu hii mpya, nami nitarudi kabla muhula haujafungwa. Na haya yote uyaandike kwenye ripoti. Usiyafiche kwa ajili ya kuonekana hodari.”

Dada hakurudia mwaka. Msimamizi alirudi kweli, akapanda ngazi yeye mwenyewe, akafungua maboksi aliyochagua, na alichokikuta ndani kililingana na kilichokuwa kwenye simu. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile ya Jumatatu, msimamizi alipoondoka, shangazi alimshika Chiriku bega.

“Umebakiza mtu mmoja,” alisema.

“Nani?”

“Unamjua.”

Chiriku aliijua njia ya kwenda saluni kuliko njia yoyote, ila siku ile aliiona ndefu. Alimkuta msusi amesimama nyuma ya mteja, vidole vinasuka bila kuangaliwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kadogo yuko ndani.”

“Nimekuja kwako.” Na pale, mbele ya mteja aliyekuwa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, Chiriku alisema yote. Hakuruka hata kipande kimoja.

Vidole vya msusi vilisimama. Alimwomba mteja radhi, akamshika Chiriku mkono, wakatoka hadi barazani. Chiriku alijiandaa kwa lolote. Msusi alikaa kwenye ngazi ya mlango, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika.

“Nisamehe, mama,” alisema Chiriku. “Nisamehe.”

“Ngoja,” alisema msusi. “Ngoja kwanza.” Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. “Siku ile nilikuwa na mteja kama huyu, nimefika katikati. Nilimsikia mwanangu anakohoa. Moyo uliniambia niache, nikimbie. Nikasema, aa, si dawa ipo? Ngoja nimalizie kichwa hiki. Nikamalizia. Tangu siku ile silali. Kila nikifumba macho najiambia, mama gani wewe, mwanao anakosa pumzi unasuka nywele?”

Chiriku hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa anajilaumu.

“Nimekukasirikia,” alisema msusi, “na nitakukasirikia kwa siku kadhaa, usinishangae. Lakini sikiliza, maana wewe bado mtoto na hili nataka ukue nalo. Uongo haukai kwa aliyeusema. Unagawanyika, kila mtu anapewa fungu lake abebe bila kujua ni mzigo wa nani. Dada yako aliubeba akadhani hajui kazi. Shangazi yako akadhani amekuwa mwongo uzeeni. Mimi nikadhani simpendi mwanangu. Wewe ulikuwa unacheza na neno moja tu, sisi watu wazima watatu tukawa tunalemewa. Leo umekuja kulichukua fungu lako. Langu limepungua, nakwambia kweli. Usiku wa leo nitalala.”

Alisimama, akakung’uta kanga yake, akaingia ndani kumalizia kichwa cha mteja. Kutoka chumba cha nyuma Kadogo aliita, akauliza ni nani yuko nje. Chiriku alibaki barazani kidogo, akilia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Kisha akaingia kumweleza rafiki yake mwenyewe, kwa mdomo wake, mambo yalivyokuwa.